Siku Milango Iliporudi Lojing ya Keroka

Mheshimiwa Chifu; Mama Nyakerario, mwenyekiti wetu wa wapangaji; wazazi wetu wa Kebirigo na wale wa upande wa ziwa; ndugu wapangaji; na wewe Bwana Machogu, mwenye lojing, ambaye hukualikwa lakini chai tumekupa: hamjambo nyote?

Mimi ni Lavender wa chumba namba sita, mke wa Orwa kwa siku tisa sasa. Nikinyamaza ghafla, mjue nimemtazama.

Leo tunasherehekea milango. Bwana Machogu alitaka vyumba vyetu awape madereva wa malori wanaolala siku moja. Notisi hakutupa. Alingoja Jumamosi, sisi Wasabato tukiwa kanisani, akaleta fundi ang'oe milango yote ili tukirudi tushikwe na aibu, tuhame. Mpango mzuri sana! Lakini Bwana Machogu, wewe uliyekosa ibada siku hiyo, ulisahauje kwamba Wakatoliki husali Jumapili?

Orwa wa namba tano, Mkatoliki, alikuwa uani akifua. Alipouona mlango wangu chini, akaulalia, povu hadi viwiko.

Bwana Machogu akafoka: "Kijana, toka! Huo si mlango wako!"

"Najua, mzee. Ni wa Lavender."

Jamani! Mtu ambaye hata salamu alikuwa akiitoa huku ametazama ukuta! Niambieni, kuna posa gani inayoishinda hiyo?

Milango mingine ilichukuliwa. Huo mmoja, bawaba zimekatwa, tuliubeba hadi mahakama ya wapangaji kule Kisii uwe ushahidi. Bwana Machogu akasema sisi ni wageni wa lojing, wa kulala na kuondoka, si wapangaji, anaweza kututoa saa yoyote. Mama Nyakerario akasimama: "Mheshimiwa, mimi ni mgeni wa miaka kumi na mmoja. Nimepanda sukuma wiki nyuma ya choo. Mgeni gani huja na jembe?"

Hata karani alicheka. Amri ikatoka: milango irudishwe, na asihamishwe mtu bila notisi.

Wenzetu walipata yao mwezi uliopita. Wetu, kwa kuwa ulikuwa ushahidi, umefika leo asubuhi. Kwa hivyo tangu harusi, Orwa alipoachia namba tano akahamia kwangu, tumeishi nyuma ya leso iliyotundikwa mlangoni, na Mama Nyakerario, tunayempenda sana, ameifunua kila jioni kuomba chumvi.

Asanteni kwa kusimama nasi, na asanteni kwa kunisikiliza. Chakula kiko uani. Chumvi iko hapo mezani, Mama, pakiti nzima. Orwa, njoo tufunge mlango.