Starehe Isiyo na Viti

Ndani ya basi, fundi wa mabango alikuwa amepakata kibao kilichoandikwa "Ukumbi wa Starehe". Bibi aliyekaa naye akamuuliza huko kuna viti vingapi. "Viti vya nini, bibi? Watu wanacheza mpaka miguu inawaka moto." "Basi hiyo si starehe, mjukuu wangu. Mgeni akitaka kuinuka tunamwambia starehe, naye hukaa." "Hayo ya zamani. Siku hizi starehe ni kelele." Mimi niliyesimama tangu stendi nilikuwa upande wa bibi.

Basi likasimama mbele ya ukumbi wenyewe, fundi akainuka na kibao chake. Bibi akadhani anampisha. "Starehe, mjukuu wangu, mimi sishuki hapa." Adabu ikamtangulia fundi, akakaa. Nami niliyekuwa nimekitolea macho kiti chake nikabaki wima.