Mama Geuza: Miaka Ishirini na Minane ya Kusoma Fulana

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, mwamuzi wa nne mkongwe kuliko wote katika ligi yetu anakabidhi saa, ubao wa kubadilishia wachezaji na ule mkoba wake mweusi ambao zipu yake iligoma zamani. Jina lake la kwenye karatasi sisi waamuzi tunalijua. Wachezaji hawalijui. Wao wanamwita Mama Geuza, na kuna beki mmoja aliyemwandikia kadi ya harusi "Kwa Bi. Geuza na Mume", akiamini kabisa kwamba ndivyo wazazi walivyomwita. Mumewe, fundi cherehani, amekuwa Bwana Geuza tangu siku hiyo na ameacha kubisha.

Kamati ya ligi imeniomba niandike wasifu huu usizidi ukurasa mmoja, na niepuke siasa, dini na malalamiko. Siasa sina. Dini itaingia, kwa sababu wachezaji waliingia nayo. Malalamiko nimeyapunguza kadiri nilivyoweza. Ukurasa mmoja kwa miaka ishirini na minane ni kama sentensi moja kwa mwaka, na mimi hesabu hiyo nimeikataa.

Alianza kama mshika kibendera, wakati chumba cha waamuzi kilikuwa kimoja na wanaume walikuwa wameshakijaza. Yeye alibadilishia nguo stoo, amekaa juu ya mifuko ya chokaa. Mifuko hiyo nilikuwa naijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kazi yangu pale ilikuwa kuchora mistari ya uwanja, na shule yangu ilikuwa imeishia njiani. Siku ya kwanza alitoka stoo, akatazama kazi yangu, akasema, "Kaka, boksi lako la kaskazini limepinda." Nikamwambia akapime. Akapima. Lilikuwa limepinda kwa shibiri nzima. Wiki iliyofuata aliniletea kitabu cha kanuni kilichokwisha jalada, akaniambia mtu anayechora mistari ana haki ya kujua inatumika kwa nini. Hivyo ndivyo mimi nilivyofika kwenye filimbi. Sikupitia chuo chochote.

Goti lilipomkatalia kukimbia, alihamia nafasi ya mwamuzi wa nne. Kwa wasioijua kazi hiyo: mwamuzi wa nne husimama katikati ya mabenchi mawili na kutukanwa na makocha wawili kwa zamu, au kwa pamoja mvua ikinyesha. Lakini kabla ya hapo huwa kwenye korido ya kutokea uwanjani, timu zikiwa zimepanga mstari, anakagua njumu, pete, mikufu na hereni. Mwisho anakagua fulana za ndani. Kanuni inasema mwilini mwa mchezaji pasiwe na maneno ya siasa, ya dini wala ya mambo yake binafsi. Kwa hiyo mchezaji anainua jezi, mwamuzi anasoma.

Wengi wetu tulikuwa tukiona wino tu, tunafoka. Yeye alisoma mpaka nukta. Alisoma MAMA PONA, akasema, "Pole, mwanangu." Alisoma MUNGU NDIYE KOCHA WANGU, akasema, "Amina," huku kocha mwenyewe akiwa amesimama nyuma amenuna. Alisoma MTO WETU SI JALALA, akatikisa kichwa kukubali. Alisoma NISAMEHE, ILIKUWA SIMU YA BINAMU, akamtazama yule kijana kwa muda mrefu, akasema, "Hata mimi sikuamini." Na baada ya kila moja, kwa sauti ile ile, kwa nyota wa timu na kwa yule aliyesajiliwa jana, neno lilikuwa moja: "Geuza."

Mchezaji alivua, akaigeuza fulana, akaivaa maneno yakiwa ndani. Hakuna fulana aliyoitupa wala kuichana. Kwa yule ambaye maneno ya fulana yake yalikuwa yamevuja pande zote mbili, mkoba mweusi ulikuwa na fulana nyeupe tupu, kazi ya cherehani ya Bwana Geuza. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba msimu mmoja tuligundua wachezaji wanaandika maneno makusudi ili wapewe.

Kuna mshambuliaji aliyesimama kidete. "Mama, hili ni jina la Mungu. Unaligeuzaje?" Akamjibu, "Kwani Yeye anasoma upande mmoja tu?" Korido nzima ilicheka, mshambuliaji akiwemo, na siku hiyo alifunga mawili akiwa na jina hilo kifuani, juu ya ngozi.

Si wote waliocheka. Msimu uliofuata walikuja ofisini, siku moja, saa moja, mchungaji wa vijana wa timu moja na sheikh anayeswalisha vijana wa timu nyingine. Kila mmoja alikuwa amesikia kwamba mama huyu anageuza maneno ya dini yake na kuyaacha ya wenzake. Ofisi yetu ina benchi moja. Akawakaribisha wakae hapo wote wawili, akasema anakuja, akaenda kuchemsha chai bila haraka yoyote. Aliporudi, kila mmoja alikuwa ameshamwambia mwenzake kilichomleta, na nusu ya hasira ilikuwa imeshaisha. Nusu iliyobaki aliimaliza mwenyewe. "Baba Mchungaji, Sheikh, kabla sijagusa jezi ya mtoto wa mtu, ninaanza na mimi." Akawaonyesha kikopo anachowekea vitu vyake vya imani kila anapoingia kazini. Dini yake sisi tunaijua. Mchezaji hajawahi kuisoma mwilini mwake ndani ya korido ile. Wazee wale walikunywa chai, wakatoka wakibishana nani alianza kusema ni mwanamke mwenye haki.

Sasa nifike kwenye ile mechi, ambayo kamati iliniomba niipite kwa ufupi.

Ilikuwa mechi ya kufungua msimu, mgeni rasmi jukwaani, bendi ikipiga. Filimbi ilikuwa yangu. Miezi miwili kabla, kwenye uwanja ule ule, winga wa timu ya nyumbani alikuwa ameanguka mwenyewe bila kuguswa na mtu. Walimpakia nyuma ya pikapu ya kusambaza soda. Alifika hospitali amechelewa. Winga yule alikuwa mdogo wake kipa wa timu hiyo hiyo.

Kipa alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alipoinua jezi, tuliona fulana nyeupe yenye herufi za kitambaa cheusi, zimeshonwa kwa mkono, moja moja: UWANJA HAUNA GARI LA WAGONJWA. Alikuwa amepanga kuvua jezi mbele ya mgeni rasmi ili isomwe.

Safari hiyo Mama Geuza hakusema pole wala amina. Alisoma, akasema, "Geuza."

Kipa akamtazama. "Mama, hata wewe?"

"Geuza, mwanangu. Mimi nimeshasoma."

Akageuza huku machozi yanamlengalenga. Naye mama akafungua mlango wa upande wa pili na kutoka nje, kwenye geti, ambako gari jeupe lenye alama nyekundu lilikuwa limeegeshwa mahali pake pa siku zote. Kanuni inamtaka mwamuzi wa nne athibitishe kwamba gari la wagonjwa lipo. Miaka yote sote tulithibitisha kwa kulitazama kwa mbali. Yeye alifungua mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na kreti za soda, viti vya plastiki na tarumbeta mbili za bendi. Akamuuliza dereva machela iko wapi. Dereva, miguu mitupu, akamjibu kwa adabu zote, "Mama, leo hatukutegemea mgonjwa."

Akarudi akaniambia uwanja hauko tayari. Mimi bila neno lake sipulizi. Mwenyekiti wa kamati akashuka kutoka jukwaani, amevaa suti, anahema. "Dada yangu, mgeni rasmi anangoja."

"Na mimi nangoja, kaka."

"Mechi itaonekana kwenye televisheni."

"Vizuri. Gari nalo litaonekana."

Mwenyekiti alimkumbusha kwamba ajira yake iko mikononi mwa kamati. Akajibu kwamba analijua hilo, na kwamba mikono hiyo hiyo inaweza kupiga simu hospitali. Mashabiki walianza kuimba matusi, na nusu yao hawakujua wanamtukana nani kwa kosa gani. Mtangazaji wa redio alisema mwanamke mmoja amewanyima watu mpira wao. Yeye alisimama kwenye mstari wa kati ameshika ubao wake usio na namba. Gari la kweli lilifika na machela, muuguzi na dereva mwenye viatu. Taarifa ya kamati ilisema mechi ilichelewa zaidi ya saa nzima. Saa iliyokuwa mkononi mwangu ni ya mwamuzi, na ilisema dakika arobaini na saba.

Tuliadhibiwa wote wawili. Mimi nilifungiwa mechi mbili, yeye msimu mzima. Kosa moja, uwanja mmoja, dakika zile zile. Sababu ya tofauti hiyo haikuandikwa popote, na mimi nimeacha kuitafuta kwenye karatasi kwa kuwa naiona vizuri bila miwani.

Kibaya zaidi, hakuruhusiwa kusema. Kocha akifungwa anaongea na waandishi mpaka wanachoka. Mchezaji anaandika kwenye simu yake. Shabiki amelipa kiingilio, basi mama wa mtu hana usalama. Sisi waamuzi peke yetu tumefungwa midomo kwa kanuni, na juma lile lote redio zilimjadili mtu ambaye hawezi kujibu. Waandishi walimfuata mpaka kwenye duka la mumewe. Aliwaambia, "Nilichokuwa nacho nilikisema Jumamosi, mbele ya watu elfu sita. Nyie mlikuwa wapi?" Akaendelea kupiga pasi fulana.

Kipa, ambaye yeye kanuni haikumfunga akiwa nje ya uwanja, alizungumza kwa niaba yake. Alizungumza mpaka ligi ya juu ikasikia. Kabla msimu haujaisha, ilitoka amri kwamba hakuna filimbi bila gari lenye machela na muuguzi, na mlango wa nyuma ufunguliwe kukaguliwa. Taarifa ya mwaka ya kamati inalitaja gari hilo kama mafanikio ya kamati. Sina la kuongeza hapo.

Gari hilo limeshatoka na mgonjwa mara tatu. Mgonjwa wa pili alikuwa yule mzee wa jukwaa la mashariki mnayemjua wote kwa koo lake, aliyekuwa akimtukana Mama Geuza kuliko watu wote. Moyo ulimsumbua wakati wa mapumziko. Alirudi baada ya mwezi, amekonda, akakaa kiti chake cha siku zote, na kona ya kwanza tu akaanza kumtukana upya. Mama aligeuka benchini akatuambia, "Amepona." Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Wiki iliyopita ilikuwa korido yake ya mwisho. Aliweka vitu vyake kwenye kikopo, akaanza mstari. Fulana zote zilikuwa tupu. Njumu safi, hakuna hata hereni. Vijana walikuwa wamejipanga kama watoto siku ya picha, na nadhani hilo lilimuudhi kidogo, kwa kuwa alikagua haraka.

Kipa alikuwa wa mwisho. Sasa ni nahodha, ana mvi mbili tatu, na huu ni msimu wake wa mwisho pia. Aliinua jezi. Fulana ilikuwa ile ile, imegeuka rangi ya chai kwa kufuliwa. Lakini herufi mbili za neno la pili zilikuwa zimefumuliwa kwa uangalifu. Matundu ya sindano yalionekana bado, na mahali zilipokuwa H na A kitambaa kilikuwa cheupe kuliko kwingine. Sasa ilisomeka: UWANJA UNA GARI LA WAGONJWA.

Makocha walikuwa kimya, jambo ambalo mimi sikuwa nimelishuhudia kabla. Mama alisoma. Alisoma tena. Akanyoosha kidole akagusa yale matundu, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Geuza," akasema.

Kipa alikuwa ameshatoa mkono mmoja kwenye fulana, anacheka. "Nilijua, mama."

Tunamshukuru kwa kazi yake, na tunamshukuru Bwana Geuza kwa fulana na kwa uvumilivu. Alikuja uwanjani mara moja tu katika miaka yote hii, akasikia mkewe anavyotukanwa, ikabidi azuiwe na watu wanne. Tumewawekea viti viwili jukwaa la mashariki, si mbali na yule mzee.

Mama, kuanzia tarehe moja kanuni ya kunyamaza haikuhusu tena. Kale pensheni yako kwa raha, goti lipumzike, wajukuu wakuzunguke, na Jumamosi uje. Ukiona boksi limepinda, ukiona tumekosea, sema. Kwa sauti.