Uzi Usiovuliwa: Dada Bualai Anaaga Maabara ya Seli

Tarehe 30 Septemba, Bi. Bualai Sihanam, mtaalamu mkuu wa maabara yetu ya seli hapa mjini Khon Kaen, atarudisha funguo baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Ametimiza sitini, na sheria ya serikali ya kustaafu haina mzaha. Sisi tunaohangaika kutwa watu wazeeke wakiwa na afya, tunampoteza aliye mzima kuliko sote. Hupanda ngazi hadi ghorofa ya sita na kikapu cha wali wa kunata, na anayehema ni yule anayemfuata.

Alianza katika benki ya damu. Huko aliwapokea watoto wenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao kwetu karibu kila ukoo unaujua, wakija kila wiki tatu kuongezewa damu. Aliwajua kwa majina na kwa mishipa. Wengine alikwenda kuwazika. Ndiyo maana maabara ya seli ilipofunguliwa aliomba kuanza upya, akakaa darasani na vijana waliomwita mama. Aliwapita kwenye mtihani, na hajaacha kuwakumbusha.

Mgonjwa wetu wa kwanza alikuwa Kaewta, msichana wa miaka kumi na mmoja. Kazi yetu ilikuwa kuchukua seli shina za damu yake mwenyewe na kuzitia jeni isiyo na kasoro, kisha madaktari wazirudishe mwilini, aanze kujitengenezea damu. Asubuhi hiyo bibi yake, Bibi Thongsai, alimfunga Dada Bualai uzi mweupe mkononi, kama tufanyavyo sisi watu wa eneo hili la Isan ili roho ya mtu itulie mahali pake. Uzi huo haukatwi, na kwa siku tatu hauvuliwi. Chumba safi tunamoandalia seli nacho hakitaki hata pete, isije ikaingiza vijidudu. Bibi alikuwa amesimama nyuma ya kioo akitazama. Dada Bualai akaona haya, akausukuma uzi juu, akavaa glavu, akijiambia atautoa bibi akigeuka. Akasahau.

Aligundua saa sita baadaye, akivua gauni. Mimi nilikuwa naye na sikuuona, wala hakuna mwingine aliyeuona. Akachukua fomu ya kuripoti makosa na kuanza kujiandikia mashtaka.

"Nyamaza tu, dada. Nani atajua?" nilimwambia, na hadi leo naona aibu.

"Mtoto atawekewa hizi seli akiwa hana kinga hata ya mafua. Angekuwa wako, ungenyamaza?"

Mfuko wa seli ukatupwa. Kaewta akangoja miezi mitatu, akaongezewa damu mara nne zaidi, ndipo seli zake zikakusanywa upya. Dada Bualai alikwenda mwenyewe kumweleza bibi, sisi tukitega masikio mlangoni.

"Nilikuonea haya, bibi."

"Haya ya nini? Uzi si pingu. Ungeniambia, ningeufungua mwenyewe. Mara ya pili seli zake zishike wewe. Aliyejishtaki hawezi kunificha kitu."

Zamu ya pili ilipofika, bibi alimfunga uzi mpya, akamsindikiza hadi mlangoni, akaufungua kwa vidole vyake na kuutundika kwenye msumari wa hapo mlangoni. Tangu hapo huo ndio utaratibu wetu. Leo msumari una nyuzi arobaini na moja, na hakuna hata mmoja ulioingia ndani. Si wote waliopona. Wawili tunawakumbuka kila mwaka. Lakini Kaewta ana miaka kumi na tisa, anasomea ualimu, na ni mwaka wa saba hajaongezewa damu. Bibi Thongsai, mwenye themanini na sita, husema kazi yote imefanywa na uzi, na sisi tumechoka kubishana naye.

Najivunia kufanya kazi na mwanamke huyu. Alinifundisha kupima seli, na siku ile ya fomu akanifundisha kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote cha maabara.

Ijumaa, kwenye sherehe, Kaewta atakuwa wa kwanza kumfunga uzi, kisha sisi wote kwa zamu. Dada Bualai, asante kwa damu, kwa wali, na kwa ile fomu. Safari hii hakuna chumba kinachokungoja ndani. Toka na uzi wako mlangoni, uende nao nyumbani, uzeeke nao ukiwa na afya tele.