Uso wa Mama Ulielekea Wapi

Wasikilizaji wapendwa, kama mnapika, punguzeni moto. Kama mko barabarani, egesheni pembeni kidogo. Leo namkumbuka mtu, na sitaki mnisikilize kwa sikio moja.

Mbah Marsidi, babu yetu wa kijiji cha Tambakrejo, ametutoka. Mbah Marsidi, mwadhini wa msikiti wa magharibi, amefariki Ijumaa asubuhi na amezikwa siku hiyohiyo. Sauti yake mnaijua, ile nene inayokwaruza kidogo mwishoni. Mimi Rubinem nimekua nikiamshwa na sauti hiyo, na nilikuwa naichukia kila alfajiri. Sasa alfajiri ni kimya, na usingizi sipati.

Vijana, ngoja niwakumbushe, maana mnajifanya hamjui. Wazee wetu waliletwa hapa Suriname kwa meli kutoka Java, waje kukata miwa. Kule Java, Makka iko upande wa magharibi. Basi walipofika huku, ng'ambo ya pili ya dunia, wakaendelea kusali wakielekea magharibi kama walivyofunzwa na baba zao. Baadaye wakaja waliosoma, wakasema jamani, kwa hapa Makka iko mashariki. Wengine wakageuka. Wengine wakagoma. Ndiyo maana Tambakrejo ina misikiti miwili, na imepeana mgongo.

Marsidi alibaki magharibi. Mdogo wake, Tukijo, akageukia mashariki. Nasema tena: ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja, kibla mbili.

Na hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwaka juzi Mbah alikaa hapa studioni, kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu, akanisimulia mwenyewe. "Tukijo alikuwa akitoka darasani mjini ananiambia sala zangu ni bure," alisema. "Nikamwambia, we Tukijo, nani alikufundisha kutawadha? Si mimi niliyekuinamisha kwenye ndoo ukilia?" Tukifanya karamu ya dua, Marsidi alimpelekea mdogo wake sehemu yake, wali na kuku ndani ya kapu. Kapu lilirudi na fundo lake halijafunguliwa. Na Marsidi naye hakuwa malaika. Alitangaza mbele za watu kwamba aliyeipa Java mgongo amewapa mgongo wafu wake, na asitegemee kuombewa nao.

Kisha mama yao akafa. Bibi Painem.

Bibi Painem alikuwa anasali nyuma ya pazia, chumbani kwake, na hakuna aliyewahi kuchungulia. Marsidi aliapa kwamba mama alielekea magharibi. Tukijo aliapa kwamba mama aligeuka zamani. Mama mwenyewe, nadhani, alikuwa anawajua wanawe, ndiyo maana akafunga pazia.

Wasikilizaji wapendwa, ninyi wa wilaya yetu ya Commewijne mnajua ardhi yetu. Kaburi huchimbwa maji yakiwa yamekupwa na kutoka mferejini, na maiti hushushwa kabla hayajarudi. Hilo halina mjadala. Hata Mmoravia, Mkristo wa kanisa la Moravia, anajua. Na siku hiyo Mmoravia alikuwepo, marehemu Hendrik Pinas, jirani yao, ambaye alichimba nao tangu asubuhi.

Mama ameletwa. Amewekwa kwenye majani, ndani ya sanda yake. Na wanawe wamesimama pande mbili za shimo.

"Mama atalala akiangalia magharibi, kama mama yake," akasema Marsidi.

"Mama ataangalia Makka, kaka. Unataka afike kwa Mola wake ametanguliza kisogo?"

"Usinifundishe dini, wewe! Mimi nimekufuta kamasi!"

"Na kamasi hizo ndizo zimekujaa masikioni!"

Watu wa magharibi wakasimama nyuma ya Marsidi. Watu wa mashariki wakasimama nyuma ya Tukijo. Pinas akasema, "Jamani, maji yanarudi." Mtu mmoja akamjibu, "Mkristo anajua nini?" Pinas akasema tena, "Maji yanarudi." Wakaendelea kutoleana hadithi na majina ya mashekhe.

Maji yakarudi.

Marsidi alipotazama chini, shimo limejaa nusu. Akaruka ndani. Wakampokeza mama. Na hapa Mbah aliweka mikono yake miwili juu ya meza, akaitazama.

"Alielea," akasema. "Mama yangu alinielea mikononi, Rubinem. Mwepesi. Nikimlaza, anainuka. Nikamshika bega. Nikamshika kichwa. Nikamkandamiza mama yangu ndani ya maji, kwa mikono hii, nikapiga kelele mwageni udongo, mwageni! Nikimsikia anageuka. Mara huku, mara huku. Udongo uliponifika kwenye viwiko nikachomoa mikono."

Nikamuuliza, akaelekea wapi?

"Sijui."

Nasema tena, wapendwa, ili asiwepo aliyekosa kusikia. Waliugombania uso wa mama yao, na mpaka leo hakuna anayejua uso huo umeelekea wapi. Si wa magharibi wanaojua, si wa mashariki.

Tangu siku hiyo ndugu wale hawakusemezana. Tukijo alihama, akavuka mto. Marsidi alibaki na mvua. Binti yake, Suminah, ameniambia hivi: "Mvua ikianza tu, baba anaweka kijiko chini. Hata kama ni supu aliyoiomba mwenyewe. Tukimwambia baba, kula, anasema ngoja nimsikilize." Ikinyesha sana alivaa koti, akaenda makaburini, akainama, akaweka sikio kwenye udongo. Suminah alimfuata mara moja kumrudisha, akamuuliza anasikia nini. Akamjibu, "Kama mtu anayejigeuza kitandani."

Nilipata baridi aliponiambia. Ninayo bado.

Lakini alibadilika, na kubadilika kwake ndiko ninakotaka mkusikie. Watu wa mashariki wakianza adhana, Mbah Marsidi alikaa kimya na kipaza sauti mkononi mpaka wamalize, ndipo akaanza yake. Vijana wetu wa magharibi walipotaka kwenda kuupaka matope msikiti wa wenzao, walimkuta amekaa mlangoni pake, miguu ameinyoosha, anakula ndizi za kukaanga. "Anzeni na mimi," akawaambia. Wakarudi na matope yao.

Wakasema amelegea. Wakasema uzee umemwingia kwenye imani. Nilimuuliza hilo pia. Alikasirika! "Nani kalegea? Sijageuza hata kidole cha mguu. Nasali magharibi na nitakufa nasali magharibi. Kumwacha mwenzako asali si kulegea." Nikamtajia wageni wanaokuja kupiga picha mjini, pale msikiti ulipokaa ubavuni mwa sinagogi, wakashangaa kwamba kumbe Waislamu wanaweza kukaa na watu. Akacheka. "Wale hawakuzaliwa tumbo moja. Kumvumilia jirani mbona rahisi? Wakapige picha mimi na Tukijo."

Nikamwambia, Mbah, wapo wanaosema dini yetu ndiyo yenye ugomvi, haitaki mtu atofautiane na mwenzake. Hakucheka tena. "Dini haikumzamisha mama yangu," akasema. "Tulimzamisha sisi, halafu tukaisingizia dini."

Ijumaa ndiyo hiyo. Mbah Marsidi amefariki, na kaburi limechimbwa kando ya mama yake. Maji yametoka mferejini. Watu wa magharibi wapo. Watu wa mashariki wapo, wengi kuliko nilivyotarajia. Nami nilikuwepo. Na mzee mmoja akashuka kwenye mashua, anashikiliwa mkono, anatembea polepole. Tukijo.

Hakusalimia mtu. Akamuuliza Suminah, "Baba yako aliacha neno gani?"

"Alisema uamue wewe, baba mdogo. Utakakosema alazwe, alazwe huko."

Tukijo alitikisa kichwa kama aliyepigwa. Halafu akasema, "Magharibi. Mlazeni alivyosali."

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Hatukuumbwa hivyo, wapendwa. Imamu wetu wa magharibi, Pak Saridi, kwa heshima zake zote, akasema hapana, mzee amevuka mto, marehemu amemwachia neno, basi mashariki. Tukijo akasema siwezi kumtenda hivyo kaka yangu. Pak Saridi akasema nasi hatuwezi kukutenda hivyo wewe. Wazee wa mashariki wakamuunga mkono Tukijo. Wazee wetu wa magharibi wakamuunga mkono Pak Saridi. Kila mmoja anamsukumia mwenzake wema. Mbah amelala kwenye majani, anasubiri.

"Maji!" Suminah akapiga kelele. "Maji yanaingia!"

Chini ya shimo palikuwa panameremeta.

Tukijo aliingia kaburini na viatu vyake, umri ule. Alimpokea kaka yake. Alimlaza ubavu wa kulia, uso magharibi, maji yakiwa bado chini ya vifundo vya miguu. Wakamwambia toka sasa, mzee. Hakutoka. Alikaa amemshika kaka yake, mkono mmoja begani na mwingine kichwani, huku udongo unamwagwa. Ulipomfika kwenye viwiko, ndipo wakamvuta juu.

"Huyu hakugeuka," akasema. Akarudia, akimwambia Suminah, akiniambia mimi, akimwambia kila aliyekuwa karibu: "Huyu hakugeuka. Nimemshika."

Kwa Suminah na wadogo zake, kwa waumini wa msikiti wa magharibi na wa mashariki, kwa jamaa wa marehemu Pinas waliokuja na ndoo zao za kuchotea maji kaburini, poleni sana. Mungu amrehemu Mbah Marsidi, amrehemu na Bibi Painem, popote alipoelekeza uso. Nanyi mnaonisikiliza, leo mtazameni yule ambaye kapu lake mlilirudisha bila kulifungua. Mwulizeni hali kabla maji hayajarudi.

Nimempigia Suminah simu kabla ya kuingia hewani. Amesema baba mdogo bado yuko kwake, hajavuka mto. Nikamuuliza, anakula?

Akasema alikuwa anakula vizuri. Halafu mvua ikaanza, akaweka kijiko chini.