Paspoti Mbili Mkononi mwa Juma Kiza Moustapha, 1957–2026

Wazazi wetu, shehe na wazee wa msikiti, ndugu wakristo wa parokia, wafanyabiashara wenzake wa soko, na ninyi majirani mlioketi chini ya turubai hili tangu jana asubuhi, familia ya marehemu Juma Kiza Moustapha inawasalimu, na inawaomba msikilize historia ya maisha yake hadi mwisho kabla hatujambeba kwenda kuswaliwa, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza isomwe yote, na kuna mahali humu ndani ambapo huenda mtu akatamani kuinuka aondoke.

Kwanza familia inajibu swali lililozunguka hapa tangu jana. Anayesoma ni Déborah Ngoie, binti wa hayati Abner Ngoie na Mama Albertine, ambaye si mtoto wa damu wa nyumba hii wala si Muislamu, na wazee waliona ingefaa asome Moustapha, mwana mkubwa, lakini Jumapili tarehe 25 Januari 2026 marehemu alimwita Moustapha, Mama Djamila mke wake, na Déborah mwenyewe, akawaambia kwamba yaliyotokea mtoni wakati wa kifo cha Abner yaandikwe na mtoto wa Abner, yasomwe na mtoto wa Abner, na kama mtoto huyo angekataa, basi yasisomwe na mtu mwingine yeyote, naye angekwenda kaburini akijua kwamba hakupewa radhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 huko Kasongo, Maniema, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Moustapha Kiza, mchuuzi wa chumvi na nguo, na Mama Dunia, ingawa kadi yake ya mpiga kura inasema 1958, kosa ambalo hakulisahihisha kamwe, kwa kuwa kulisahihisha kungemlazimu kuiacha kadi ofisini hata kwa siku moja. Wengi mlimcheka kwa tabia hiyo. Ilianza mwezi wa Novemba 1964, wakati wa machafuko, alipokuwa na miaka saba, familia ilipokuwa ikikimbia kuelekea kwenye reli, na katika bariere moja, kizuizi cha barabarani, wenye silaha wakamwomba baba yake kitambulisho, akakitoa, wakakipeleka nyuma ya nyumba, kisha wakamwita akifuate, na tangu hapo hakikurudi kitambulisho na hakurudi baba. Mama Dunia alifika Kamina kwa treni na watoto wawili tarehe 3 Desemba mwaka huo, akapokelewa na kaka yake, na maneno aliyomwambia mwanawe ndani ya behewa, marehemu aliyarudia maisha yake yote: "Karatasi ya muntu njo muntu mwenyewe, usiiachie mukono ya mwingine."

Alisoma shule ya msingi hapa Kamina kuanzia Septemba 1965 hadi Julai 1971, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, akaacha mwaka 1973 mjomba wake alipofariki, akaenda Luena kupakia mizigo stesheni, na mwaka 1979 akarudi Kamina akaanza kuuza chumvi, samaki wakavu, na baadaye bikwembe, yaani vitenge, akisafiri kwa treni na kwa lori hadi Lubumbashi na Kalemie, akipita bariere zisizohesabika, na hakuna hata moja iliyowahi kumnyang'anya karatasi, maana aliionyesha akiwa ameishika kwa vidole vitano, na askari aliyetaka kuisoma ilimbidi ainame. Tarehe 16 Juni 1984 alimuoa Mama Djamila, na Mungu akawajalia watoto sita, wanne wako hai, Moustapha, Bibiche, Yav na Kiza mdogo, pamoja na wajukuu tisa.

Abner Ngoie alikutana naye mwaka 1991 kwenye mzani wa mahindi, wakabishana kuhusu gunia moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, na jioni wakala sahani moja. Abner alikuwa mkulima wa upande wa Kaniama, mkatoliki, mwenye mzaha, na kwa miaka ishirini na mitatu watu wawili hao walizoeleka kuonekana pamoja kiasi kwamba mmoja akipita peke yake sokoni aliulizwa mwenzake anaumwa nini. Ndio waliopanga kwenda kununua mashine ya kusaga na kukoboa kwa fundi mmoja wa Vietnam, ng'ambo ya mpaka wa Kambodia, na walitoka hapa Jumapili tarehe 28 Septemba 2014, wakafika Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, tarehe 5 Oktoba, wakangoja viza ya Vietnam kwa siku nane.

Jumapili tarehe 12 Abner alishikwa na homa, akameza dawa alizotoka nazo nyumbani, akasema imepoa. Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa moja na nusu asubuhi, walipanda mashua ya polepole inayoshuka na mto Mekong hadi mji wa kwanza wa Vietnam, abiria wakiwa ishirini na watatu, ambapo mtoto wa fundi angewapokea, na ambapo kuna hospitali. Waliichagua mashua hiyo badala ya ile ya kasi kwa sababu Abner alitaka kutazama mashine za mpunga zilizojengwa kando ya maji, na saa ya kwanza alizitazama kweli, akauliza maswali ambayo hakuna aliyeyaelewa, na mashua ilipozidi kukokota mwendo akamwambia marehemu: "Bato hii inatembea sawa muntu mwenye kupeleka habari ya kilio." Wakacheka wote wawili. Saa nne Abner alikuwa anatetemeka chini ya koti la marehemu, na marehemu akaanza kuhesabu, kwamba mpaka ni saa sita, kwamba mji ni saa kumi, kwamba kutoka gatini hadi hospitali huenda ni nusu saa, akahesabu tena na tena, huku mashua ikisimama kupakia kuku, ikisimama kushusha magodoro ya mama mmoja, ikisimama pengine bila sababu inayoonekana.

Walifika kwenye kituo cha mpaka saa sita kasoro robo. Katika mashua zile desturi ni kwamba abiria hawashuki, bali mwenye mashua hupita na beseni la plastiki, kila mtu anatia paspoti yake ndani, naye anapanda nalo ukingoni, zinagongwa mihuri zote kwa pamoja, anarudi, na safari inaendelea. Beseni lilikuwa la kijani. Wazungu walitia, wachuuzi wa Vietnam walitia, bibi kizee mmoja aliyekuwa anakohoa ndani ya blanketi alitia, na lilipofika mbele yao Abner alikuwa tayari ameitoa yake, lakini marehemu akamshika kifundo cha mkono. Abner akamwambia: "Juma, tia tu. Hapa haiko bariere ya kwetu." Marehemu akajibu: "Paspoti yangu naipeleka na mukono yangu, na ya kwako pia," akaichukua ile ya Abner, akaziweka zote mbili pamoja kifuani, na mwenye mashua, aliyetabasamu, akangoja, akanyoosha beseni mara ya pili, kisha akaondoka bila zile mbili.

Marehemu aliagiza kwamba hapa msomaji asiharakishe.

Ofisa aliyekuwa mezani aligonga mihuri kwenye paspoti ishirini na moja bila kusimama na bila kumtazama hata abiria mmoja usoni. Alipohesabu akaona zimepungua mbili, ndipo alipoteremka hadi mashuani, akawaita wawili hao wapande ukingoni, na Abner alipopanda alianguka kwenye ngazi ya tatu. Mwaka ule kila mwenye homa aliyetoka Afrika aliogopwa kwa ajili ya Ebola, nayo kweli ilikuwapo nchini mwetu, katika jimbo la Équateur, mbali sana na Kamina, lakini kwenye jalada la paspoti nchi ni moja. Walimpima, ikaonekana nyuzi thelathini na tisa na nusu. Kila mtu akarudi nyuma. Mashua ilingoja karibu saa nzima na nusu, abiria wakalalamika, na saa saba na dakika kumi ikaondoka, marehemu akiiona inavyokwenda polepole, kiasi kwamba mtu mwenye afya angeweza kuifuata kwa miguu kandokando ya mto, na ndani yake akamwona yule bibi wa kikohozi akimenya chungwa.

Hapa sokoni imesemwa kwa miaka kumi na moja kwamba Juma alimwacha mwenzake njiani, na wengine walisema maneno mabaya zaidi, kwamba alimtoa kafara ili apate mashine. Familia inasema mbele ya wote kilichotokea. Ofisa alimwonyesha marehemu kwa ishara kwamba yeye hana homa, anaweza kugongewa muhuri na kuvuka kwa mashua nyingine, na mwenzake abaki kwenye kibanda cha mabati kilichokuwa mbali kidogo na ofisi, na marehemu akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyeijua pale: "Kama anabaki, na minyi nabaki," akaingia kibandani, akaketi chini, na mlango ukafungwa. Alimpa maji, alimpepea kwa kofia, alimsomea sala ya Salamu Maria kwa kadiri alivyoikumbuka kutokana na kumsikia Abner kwa miaka ishirini na mitatu, akakosea, na Abner akamsahihisha. Mganga alifika siku ya pili saa tatu na nusu asubuhi, akapima damu, akakuta malaria, akatundika dripu haraka, lakini Abner Ngoie alifariki saa tano na dakika kumi, Jumatano tarehe 15 Oktoba 2014, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alizikwa siku iliyofuata na wakristo wachache wa kijiji kimoja cha wavuvi, waliochonga msalaba wa mbao na kumwomba marehemu aandike jina, naye akaliandika.

Marehemu alirudi Kamina Jumapili tarehe 2 Novemba, akamkabidhi Mama Albertine rozari, shati na saa ya mkononi, akamwambia kwamba ilikuwa malaria, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kila lililowezekana lilifanyika, jambo ambalo si kweli. Hakusema habari ya beseni. Hakutoa paspoti ya Abner, alisema ilibaki kwa maofisa. Mashine, ambayo marehemu aliilipia kabla ya kurudi, ilifika Aprili 2015, ikakaa wiki saba bila mteja, watu wakipita mbele yake na mahindi vichwani kwenda kusagia mbali, hadi tarehe 3 Juni, Mama Albertine alipokuja na beseni lake, akalitua mlangoni, akamwambia marehemu asage, kwa maana mume wake alikufa akiitafuta mashine hiyo na yeye hatakula ugali wa mashine nyingine. Marehemu alisaga bila kuinua macho. Kuanzia siku ile wateja walikuja, na kuanzia siku ile, kwa ushahidi wa Mama Djamila, hakulala usiku mzima hata mara moja. Déborah, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, alisomeshwa na nyumba hii pamoja na watoto wa nyumba hii, hadi alipomaliza chuo kikuu Julai 2025.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2019, ukashika figo Agosti 2025. Tarehe 25 Januari, baada ya agizo lililotajwa hapo mwanzo, marehemu alimwomba Mama Djamila sanduku la bati, akatoa paspoti mbili zilizofungwa kwa utepe mmoja wa kikwembe, akaeleza kila kitu kwa muda wa saa mbili, akitaja saa na dakika, akirudia pale alipoulizwa, kisha akanyoosha mkono wenye zile paspoti, na Déborah hakuzipokea. Alitoka nje. Alirudi baada ya siku tatu na daftari, akauliza maswali mengine, beseni lilikuwa rangi gani, ngazi zilikuwa ngapi, Abner alisema nini alipomsahihisha sala, na alipomaliza kuandika akazichukua zote mbili, wala hakusema kama amesamehe, na marehemu hakumuuliza. Alilazwa hospitalini hapa mjini tarehe 3 Februari, na Alhamisi tarehe 12 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, Mwenyezi Mungu alimwita.

Jana saa kumi alasiri Mama Albertine alisomewa maandishi haya, kwa kuwa isingekuwa haki ayasikie mara ya kwanza mbele ya watu. Halafu akasema: "Miaka kumi na moja nilikuwa nauliza Mungu kama bwana yangu alikufa yeye peke. Kumbe alikuwa na muntu pembeni. Juma alikuwa na kichwa nguvu, ile kila muntu hapa anajua. Soma yote, mutoto yangu." Ameketi hapa mbele, kati ya Mama Djamila na Bibiche, na paspoti ya mume wake iko mapajani mwake, kama ya marehemu ilivyo mapajani mwa Mama Djamila.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa uvumilivu, hasa kwa kuwa hakukubali kuwaachia kadi yake, wafanyakazi wenzake wa mashine, wafanyabiashara waliofunga vibanda leo, majirani mliopika na kuchota maji, na watu wa mto ule wa mbali ambao majina yao hatuyajui, waliomzika mgeni kwa heshima. Kama kuna mwingine ambaye marehemu alimkosea, familia inamwomba amsamehe sasa, kabla jeneza halijainuliwa.

Radhi uliyoiomba, Baba Juma, jibu lake ni kwamba historia hii imesomwa, imesomwa yote, na mtoto wa Abner. Paspoti zote mbili zimefika kwa wenyewe, mkono wako hauna tena cha kushika, pumzika kwa amani.