Sauti Aliyomkopesha Baba

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu, mtoto wa pili wa mzee wa kanisa na marehemu mama mshonaji, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1989, mdogo kiasi kwamba shangazi alisema, huyu tumpe joto kwanza, jina litafuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1996, akamaliza sekondari mwaka 2006, ambako mwalimu wa dini alimtoa nje mara tatu kwa kuuliza maswali, na mara zote tatu alirudi na swali lile lile. Mwaka 2008 aliajiriwa katika studio ya picha za pasipoti, chumba chenye pazia moja jeupe na kiti kimoja cha kuzunguka, akawa anawaambia wateja, usicheke, lakini usininunie pia. Tarehe 6 Juni 2015 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 2 Februari 2017.

Mwaka 2018 alianza kutengeneza filamu fupi kwa simu aliyoifunga kwa mpira kwenye kigoda, sauti akizirekodi ndani ya kabati la nguo, wachezaji wakiwa sisi na majirani, na filamu zote zilihusu watu wanaomwamini Kristo huku wakimtilia shaka. Sharti lake lilikuwa moja, anayecheza akisali asali kweli, na sala hairudiwi, hata mbuzi akatize mbele ya simu, ndiyo maana tukamwita Mara Moja.

Tarehe 20 Agosti 2022, miezi mitano baada ya kumzika mama, alimwomba baba acheze mgane, baba akapiga magoti kando ya kitanda, simu ikiwa nyuma yake, akasahau maneno aliyopewa, akasema, Bwana, tangu mke wangu aondoke nakuita kwa mazoea tu, sijui kama upo. Baba alipozinduka akaomba irudiwe, naye akamjibu, hairudiwi, mzee wangu, ila usihofu, sauti nitaweka yangu. Akaingia kabatini, akayasema maneno yale yale, na kwenye picha ukabaki mgongo tu.

Filamu ilioneshwa ukumbi wa kanisa tarehe 9 Oktoba 2022, wazee wakaitambua sauti, na bila kumwita wala kumuuliza, wakamtenga na Meza ya Bwana, wakisema simu imemla imani. Kwa zaidi ya miaka miwili alikaa benchi la nyuma, sinia la mkate likimpita mbele ya binti yake, na kuna Jumapili aliyelishika sinia hilo alikuwa baba.

Mnamo Novemba 2024 figo zake zilishindwa kazi, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, alipofariki dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Kesho yake wazee walikuja kutuagiza tuandike kwamba alitubu akarudi kundini, nasi tunawauliza mbele ya jeneza hili, arudi kutoka wapi, mtu aliyekuja kila Jumapili mpaka miguu ikavimba asiweze kuvaa viatu? Siku hiyo baba aliwajibu wazee mbele yetu, andikeni kwamba maneno yale yalikuwa yangu, mwanangu alinibebea, nami nikamwacha abebe. Tumeandika kama alivyosema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia na kutufulia, wenzake wa studio waliofunga kazi wiki nzima, na wachezaji wake wote, hata yule jirani aliyekuwa akilia kabla hajaambiwa.

Ameacha mjane, binti mmoja, dada, na baba, ambaye ameomba aongoze sala, kwa maneno yoyote yatakayomjia.

Pumzika sasa kwa amani, kaka, mzigo huo mwenyewe ameupokea.