Pengo la Mkasi wa Darasa

Akina mama, kabla sijasema lolote: huu mkasi. Huu mkubwa wa darasa, ambao kila anayekata kitambaa unamng'ang'ania hapa katikati. Mkasema panya. Mkasema fundi wa barazani kwa Mhindi aliuazima akakatia bati. Si panya, panya gani ana meno hayo? Pengo hili ni mimi. Nilikata nao kifungo cha shaba cha koti la mume wangu, na wakati huo mume wangu hata wiki mbili alikuwa hajamaliza kaburini.

Haya, nimesema. Wa kucheka achekee hapo hapo, maana mbele kunapoa.

Mwalimu ametaka kila mtu alete alichoshona, aeleze wenzake wazo alilitoa wapi. Mimi mnaona mikono mitupu. Blanketi langu limebaki Igowole, na kwa nini limebaki huko ndiyo habari yenyewe. Kiswahili changu mnisamehe. Shule niliishia darasa la tatu. La nne nililichungulia dirishani, nikaona hesabu nyingi, nikarudi nyumbani.

Mume wangu alikuwa utingo wa lori la mchele, Chimala mpaka hapa Iringa. Wengi mlimjua kwa koti. Lile zito la jeshi alilorudi nalo vitani, linafika magotini. Mvua yumo, jua yumo. Nilikuwa namtania kwamba akitangulia yeye, nitaolewa na koti moja kwa moja, nisisumbuke tena na mtu. Akashikwa na kichomi. Siku tatu tu. Nikaja hapa kuazima mkasi nikatie sanda, tukampeleka kwao Igowole, na mkasi nikaenda nao kwenye kikapu.

Hapo ndipo nilipoingia ganzi. Mnajua ukikalia mguu vibaya, ukiupiga kofi unasikia kama umepiga mguu wa jirani? Mimi ilikuwa mwili mzima. Watu wanalia, mimi natazama buibui darini, nasema huyu naye amejenga vizuri.

Siku ya kuondoa matanga wazee wakataka nguo za marehemu zigawiwe, ndiyo desturi. Koti lilikuwa la shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Alivae, akae mahali pa kaka yake. Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, kalikung'ute vumbi utuletee." Nikaingia chumbani. Nikakuta kifungo kimoja kinaning'inia kwenye uzi. Nikasema si vizuri kumpa mtu koti linaloning'inia nyuzi. Nikachukua mkasi nikate ule uzi.

Nikaukata. Halafu, ndugu zangu, nawaambia kweli, mkono haukusimama. Ulifuata upindo wa koti, ukapanda begani, ukakutana na kifungo kingine. Kaa! Pengo. Ukaendelea. Sikuwa na hasira, sikuwa na uchungu. Nilikata kama mtu anayekatia mboga, mpaka kikabaki kipande kimoja chenye mfuko. Sijui kwa nini huo niliuacha mzima.

Nikatoka na vipande kwenye ungo, kama naleta karanga kwa wageni.

Shemeji akasema, "Shemeji, koti liko wapi?"

"Hili hapa, shemeji. Chagua."

Mnacheka. Mimi siku ile sikujua kama nimesema kichekesho. Mzee mmoja akasema nimerogwa. Mama mkwe hakupiga kelele. Aliutazama ungo, akasema taratibu, "Mwanangu nilimzika juzi. Leo umenizikia tena." Tangu saa ile hakunisalimu. Na ninyi mnajua, kwetu mtu akikunyima "kamwene" amekutoa katika watu.

Wengine mmesikia kwamba nililikata ili shemeji asinirithi. Hadithi hiyo inanipendeza sana, natamani ingekuwa yangu. Lakini shemeji mwenyewe ni mtu mpole, na baada ya siku ile alikuwa akiniona anazunguka nyuma ya nyumba. Koti halikukatwa kwa ujasiri. Lilikatwa na mtu asiyekuwepo.

Nikarudi kwangu Kihesa na vipande kwenye gunia, hakuna aliyevitaka, na mkasi nikaurudisha hapa bila kumwambia mtu. Mwaka ukaenda. Nikiweka maharage jikoni yanaungua, nasikia harufu, nasema, loo, kwa jirani wanaunguza maharage. Jirani yangu yumo humu, simtaji, ni yule anayejifunika uso na kanga. Yeye kwao ni Mbeya. Kila siku alikuwa anapiga kelele juu ya ua, "Mama! Maharage!" Ndipo naenda kutoa chungu.

Yeye ndiye aliyenivuta turudi darasani. Siku hiyo mwalimu alikuwa anafundisha blanketi la viraka, na mnakumbuka mlivyonuna. Mmoja akasema, "Kiraka kwetu tunakificha, huyu anataka tukitandike kitandani wageni wakione!" Mimi sikununa. Nilikuwa na gunia la viraka tayari, nikalimwaga mezani. Mwalimu akaviona, akautazama na mkasi. Hakuuliza kitu. Akanipa uzi.

Sindano ya kwanza ikavunjika, ya pili ikavunjika. Jirani akaniambia, "Unashona koti au unashona nyati?" Akaniletea sindano ya magunia. Nikajichoma kidole, nikaona damu, nikaitazama tu. Nikapanga koti, koti, koti. Akanipokonya. "Giza tupu hilo, nani atalala humo?" Akachana kanga yake ya maua, akaniwekea ua kati ya kila vipande viwili. Nyuma nikatia marekani ya mifuko ya unga, katikati blanketi kuukuu. Ule mfuko nikaushona katikati kabisa, mdomo wazi. Nawaambia kama fundi sasa: mfuko mzima usiukate. Kwanza ni mgumu, unavunja sindano.

Mwezi wa saba, ule wa umande unaoganda majanini, zikaja habari kwamba mama mkwe amelala, baridi imemwingia mifupani. Msidhani niliguswa. Nilikwenda kwa sababu sikuona sababu ya kutokwenda. Nikapanda lori, nikashuka, nikatembea peku na blanketi kichwani.

Nikamkuta kageukia ukutani. Nikasema, "Kamwene, mama." Kimya. Nikamfunika lile blanketi. Nikakaa kwenye kigoda, namtazama mgongo. Nikajisemea, akilitupa, nitaliokota nirudi nalo, basi.

Mkono wake ukatoka. Ukawa unapapasa viraka, kimoja kimoja, kama anatafuta kitu kwenye unga. Ukafika kwenye mfuko. Ukaingia. Ukakaa humo muda mrefu. Ulipotoka alikuwa ameshika punje mbili za mchele.

Akasema bado kageukia ukutani, "Huyu mtoto na mchele mbichi! Tangu mdogo. Nilimchapa sana, hakuacha."

"Hata mimi nilimkataza, mama. Hakuacha."

Akageuka. "Kamwene, mwanangu."

Najua mnangoja niseme nililia. Sikulia. Nilisikia miguu inauma. Nikaitazama, nikaona imepasuka kwa umande, na baridi imeanza kunipanda mpaka magotini, natetemeka meno yanagongana. Mwaka mzima sikusikia baridi, mimi, mtu wa Mufindi kwenye baridi lote lile! Mama mkwe akainua upande mmoja wa blanketi. "Ingia, utakufa." Nikaingia. Tulilala humo wawili mpaka jua likatoka, na blanketi ndiko liliko.

Kwa hiyo asante, mwalimu, kwa kuliona pengo ukanyamaza. Asanteni ninyi mliolaani panya, mlinisitiri bila kujua. Mkasi nitautafutia mtu wa kuunoa. Fundisho langu ni dogo kama shule yangu: ukifa ganzi usingoje uamke ndipo ushike sindano. Shika tu. Shona vibaya. Na ukiona uzi unaning'inia kwenye nguo ya marehemu, uache, mwite mtu mwingine.

Nilirudi Kihesa siku ya soko. Kesho yake niko jikoni, nikamwona jirani yangu kasimama kwenye ua, kimya, kainua pua kama mbuzi. Nikamwuliza, "Kuna nini, mwenzangu?"

Akasema, "Nangoja harufu, haiji. Leo umeninyima kazi."